Aendaye Kulia Tu Hajaona

Watu wengi huamini kwamba mtu aliyezuru mahali palipotendeka dhuluma, akainamisha kichwa na kudondosha machozi mawili matatu, amekwisha kulipa deni lake kwa waliodhulumiwa. Imani hii ni nzuri kwa sura, lakini matokeo yake ni mabaya. Katika insha hii nakusudia kuipinga, na mfano nitakaoutumia ni wa taifa la Wacherokee wa Marekani, ambao mwaka 1838 walitolewa kwa nguvu ya silaha katika nchi ya babu zao wakapelekwa mbali upande wa magharibi. Mahali pengi walipoishi, walipofungwa, walipopita na walipozikwa pamehifadhiwa, na watalii huenda kupatazama. Hoja yangu ni moja. Azuruye mahali hapo ili apate kuona huruma tu, hurudi kwao akiwa amedanganyika. Bali azuruye ili apime ushahidi na kukata hukumu, huyo ndiye aliyewapa Wacherokee heshima wanayostahili.

Yafaa kwanza msomaji aijue habari yenyewe kwa ufupi. Wacherokee walikaa tangu zamani katika milima na mabonde ambayo sasa yamo katika majimbo ya Georgia, Tennessee, North Carolina na mengine ya jirani. Tarehe 28 Mei 1830 Rais Andrew Jackson alitia sahihi sheria iliyompa uwezo wa kufanya mikataba na wenyeji wa asili waliokaa mashariki ya mto Mississippi, ili waache ardhi yao wahamie ng'ambo ya mto huo. Miaka minane baadaye askari wapatao 7,000, chini ya Jenerali Winfield Scott, waliingia katika nchi ya Wacherokee, wakawatoa watu majumbani mwao na kuwatia katika maboma ya magogo na makambi. Kisha wakasafirishwa kwenda katika nchi ambayo sasa ni jimbo la Oklahoma. Waliohamishwa walikuwa kadiri ya watu 16,000, na hesabu itajwayo zaidi ya waliokufa makambini, njiani au mara baada ya kufika ni 4,000. Safari hiyo huitwa Njia ya Machozi. Jina hilo ni la kweli, nalo lina heshima yake. Lakini wageni wengi hulifanya kuwa ukumbi wa nyumba, wakaketi hapo ukumbini wasiingie ndani.

Kwa nini nasema kwamba huruma peke yake hudanganya? Kwa sababu huruma humtazama aliyeanguka, haimtafuti aliyemsukuma. Mtu aliyechukuliwa na mafuriko twamhurumia. Aliyepigwa na radi twamhurumia. Na hatuulizi ni nani aliyeleta mafuriko au radi. Mgeni akisimama kando ya Njia ya Machozi kwa moyo wa namna hiyo, atadhani kwamba Wacherokee walipatwa na msiba kama ule wa mafuriko. Atasikitika sana, na msamaha ataugawa bila kujua kwamba ameugawa. Kumbe hawakupatwa na msiba wa maumbile. Walitendewa jambo na watu wenye majina, kwa tarehe zijulikanazo, na kwa karatasi ambazo zingaliko mpaka leo.

Kwa hiyo aanzaye ziara yake asianzie njiani, na aanzie New Echota, katika jimbo la Georgia. Huko ndiko kulikokuwa na mji mkuu wa Wacherokee tangu mwaka 1825. Mgeni aliyetarajia kuonyeshwa mahema na mishale atafadhaika, maana ataonyeshwa jumba la baraza, jumba la mahakama na nyumba ya kupigia chapa. Mwaka 1827 Wacherokee walijiandikia katiba iliyogawa madaraka baina ya baraza la kutunga sheria, mahakama na mkuu wa taifa. Kabla ya hapo mtu mmoja wao aitwaye Sequoyah, ambaye hakujua kusoma Kiingereza, alibuni alama za kuandikia Kicherokee, kila alama ikisimama badala ya silabi moja. Kazi hiyo aliikamilisha mnamo mwaka 1821, na haikupita miaka mingi kabla ya maelfu ya watu wake kuweza kusoma na kuandika kwa lugha yao wenyewe. Tarehe 21 Februari 1828 gazeti lao, Cherokee Phoenix, lilitolewa mjini hapo kwa Kicherokee na kwa Kiingereza, na mhariri wake, Elias Boudinot, alikuwa Mcherokee.

Majengo mengi yaonekanayo New Echota leo yamejengwa upya, kwa sababu baada ya watu kufukuzwa mji uliachwa, na mahali pa baraza na mahakama pakalimwa mashamba. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa mambo ya kale walipofukua ardhi hiyo, walikuta vipande vidogo vya madini ambavyo vilikuwa herufi za mtambo wa gazeti. Fikirini juu ya herufi hizo, enyi vijana. Wale waliotaka ardhi ya Wacherokee walisema kwamba hao ni watu wa porini, wasioweza kustaarabika, na kwamba kuwahamisha ni kuwatendea wema. Jackson mwenyewe, katika ujumbe wake kwa Bunge mwezi wa Desemba 1830, aliisifu siasa hiyo kuwa ni ya ukarimu. Chini ya jembe, katika udongo wa Georgia, ushahidi wa kinyume ulikuwa umelala zaidi ya miaka mia moja. Watu waliosemwa kuwa hawawezi kustaarabika walikuwa wakichapa gazeti.

Sasa nauliza: mgeni asiyeziona herufi hizo, akaenda moja kwa moja kulilia "maskini wale wa porini", je, hakuurudia uongo uleule uliotumika kuwafukuza? Machozi yake ni ya kweli, lakini fikira zake amezikopa kwa mfukuzaji.

Na tuendelee, maana ushahidi ni mwingi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1820 dhahabu iligunduliwa katika sehemu ya Georgia iliyopakana na kuingia nchi ya Wacherokee. Serikali ya jimbo ikatangaza kwamba sheria zake zitatawala ndani ya nchi hiyo. Ikakataza baraza la Wacherokee kukutana. Ikakataza ushahidi wa Mcherokee kusikilizwa mahakamani juu ya mzungu, na hivyo aliyenyang'anywa ng'ombe au nyumba mbele ya macho yake hakuwa na mahali pa kusema. Mwaka 1832 ikaipima ardhi ile katika viwanja na kuigawa kwa bahati nasibu kwa raia wake: ekari 160 kwa kiwanja cha kilimo, na ekari 40 palipodhaniwa pana dhahabu. Wenye nyumba walikuwa bado wamo majumbani mwao wakati tikiti za nyumba zao zilipokuwa zikitolewa.

Katika New Echota iko nyumba moja ya zamani iliyosalia mahali pake pa asili, nayo ni ya mmisionari Samuel Worcester. Georgia ilitunga sheria kwamba mzungu yeyote akaaye kwa Wacherokee awe na ruhusa ya jimbo na kula kiapo cha kulitii. Worcester alikataa, na mwaka 1831 akahukumiwa kifungo cha miaka minne na kazi ngumu. Shauri lilifika katika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1832 jaji mkuu John Marshall alitoa hukumu kwamba Wacherokee ni jamii yenye mamlaka yake katika ardhi yake, na sheria za Georgia hazina nguvu humo. Taifa dogo lilikwenda mahakamani likashinda. Lakini Georgia haikumfungua Worcester mpaka Januari 1833, na hukumu yenyewe haikuwalinda Wacherokee hata siku moja. Mgeni asimamaye mbele ya nyumba hiyo atajifunza jambo ambalo machozi hayawezi kulifundisha: sheria njema isiyo na mtu wa kuitekeleza ni wino mkavu.

Mji huohuo ndio uliotoa pigo la mwisho. Tarehe 29 Desemba 1835, katika nyumba ya Boudinot, kikundi kidogo kilichoongozwa na Major Ridge, mwanawe John Ridge, na Boudinot mwenyewe, kilitia sahihi mkataba wa kuitoa ardhi yote ya mashariki kwa dola milioni 5. Hawakutumwa na baraza, wala mkuu wa taifa, John Ross, hakukubali. Wacherokee walipeleka Washington waraka wa kuupinga wenye majina zaidi ya 15,000. Hata hivyo Baraza la Seneti liliupitisha mkataba huo mwezi wa Mei 1836, na kura zilizidi theluthi mbili zilizotakiwa kwa kura moja tu. Hao waliotia sahihi nao wasihukumiwe kwa pupa, kwa kuwa waliamini kwamba taifa likibaki litaangamia, na wote watatu niliowataja waliuawa na Wacherokee wenzao mwezi wa Juni 1839. Lakini serikali iliyoupokea mkataba wa wachache na kuutia kapuni waraka wa wengi haikuwa na udhuru huo. Ilijua ilichokifanya.

Wapo watakaonijibu: "Usiwahukumu watu wa kale kwa akili za leo. Zama zile kila mtu alifikiri hivyo." Jibu hili hupendwa sana, kwa sababu laonekana kuwa la mwanachuoni. Lakini halina miguu ya kusimamia. Sheria ya mwaka 1830 ilipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 102 dhidi ya 97. Hao 97 hawakuwa watu wa leo. Seneta Theodore Frelinghuysen wa New Jersey alisema kwa saa sita, zilizogawanywa katika siku tatu, akiipinga. David Crockett, mbunge wa Tennessee, ambalo lilikuwa jimbo la Jackson pia, aliikataa kwa kura yake. Mwaka 1838 mwandishi Ralph Waldo Emerson alimwandikia Rais Martin Van Buren barua ya wazi akiilaumu serikali kwa kuutimiza mkataba ule wa uongo. Basi si kweli kwamba zama zile hazikujua. Zilijua, zikaambiwa, zikahesabu kura, na kisha zikatenda. Atumiaye udhuru wa zama huwavunjia heshima wale waliosema kweli wakati kusema kweli kulipokuwa na gharama.

Baada ya kuyajua hayo, mgeni na aende njiani, na machozi yake yatakuwa na maana. Aende Red Clay, katika Tennessee, hatua chache kupita mpaka wa Georgia. Baraza lilihamia hapo mwaka 1832 kwa kuwa lilikatazwa kwao, na watu walikusanyika karibu na chemchemi yenye maji ya buluu, wakijadiliana namna ya kuiokoa nchi. Mwaka 1984 Wacherokee wa mashariki na wa magharibi walikutana tena mahali hapo, na tangu wakati huo mwali wa ukumbusho huwashwa pale. Aende Hopkinsville, katika Kentucky, penye makaburi ya wazee wawili, Whitepath na Fly Smith, waliofariki safarini mwaka 1838. Asimame kwenye kingo za Mississippi, katika jimbo la Missouri, ambako makundi tisa kati ya kumi na matatu yalivuka wakati wa baridi kali, na wengine walikaa siku nyingi katika baridi hiyo wakingoja barafu iliyoujaza mto ipungue. Walikuwamo wazee, wagonjwa na watoto wachanga, na safari yote ilikuwa zaidi ya maili 800.

Mwaka 1987 Bunge la Marekani liliitangaza Njia ya Machozi kuwa njia ya kihistoria ya taifa. Barabara na mito yake yote pamoja hupita maili 5,000, katika majimbo tisa. Leo mtu huifuata kwa gari, akiongozwa na vibao, na jioni hulala penye kitanda na chakula moto. Sisemi kwamba kufanya hivyo ni dhambi. Nasema kwamba asijidanganye kuwa ameonja walichokionja wao. Kazi ya mgeni haikuwa kuonja. Kazi yake ni kuuliza kila penye kibao: ni nani aliyeamuru, kwa sheria gani, na ni nani aliyefaidika?

Hapa sina budi kuwageukia watu wa upande wa pili, yaani wale wapendao Wacherokee kiasi cha kutaka wote waonekane malaika. Hao nao nawapinga. Karibu na mji wa Chatsworth, huko Georgia, iko nyumba kubwa ya matofali iliyojengwa na James Vann mwaka 1804. Vann alikuwa Mcherokee tajiri. Mwanawe Joseph aliirithi nyumba hiyo, na mwaka 1835 akafukuzwa ndani yake. Nyumba ilitengenezwa upya na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1958, na kwa miaka mingi sifa zake zilikuwa ngazi yake nzuri, rangi zake na utajiri wa mwenyewe. Lakini utajiri huo ulitoka wapi? Katika mashamba ya Vann kulikuwa na watumwa zaidi ya mia moja, watu wenye asili ya bara letu la Afrika. Hesabu ya watu ya mwaka 1835 ilionyesha kwamba Wacherokee wa mashariki walikuwa na watumwa karibu 1,600. Taifa lilipohamishwa, watumwa nao walihamishwa. Walitembea njia ileile, katika baridi ileile, wakikata kuni, wakipika na kuwahudumia mabwana zao. Nao pia walikufa. Mwanahistoria Tiya Miles alitoa kitabu mwaka 2010 juu ya nyumba hiyo, akawarudisha watumwa hao katika habari yake, na siku hizi mgeni huelezwa habari zao pia.

Wako wanaonong'ona kwamba kuyasema haya ni kuwapa silaha adui za Wacherokee. Nasema hapana. Methali yetu yasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa la Georgia halipungui hata chembe kwa sababu Vann alikuwa na watumwa. Nyumba iliyoporwa ni nyumba iliyoporwa. Lakini Mwafrika aliyelima shamba la Vann naye aliporwa, tena kitu kikubwa zaidi ya nyumba, maana aliporwa nafsi yake. Na jambo hili halikuishia kaburini. Mkataba wa mwaka 1866 uliwapa watu waliokuwa watumwa wa Wacherokee, pamoja na wazao wao, haki za raia katika taifa hilo. Hata hivyo wazao hao walizuiwa haki hizo kwa miaka mingi, mpaka mahakama ya Marekani ilipoamua kwa upande wao mwaka 2017. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Wacherokee wenyewe iliamuru maneno yaliyodai uraia kwa damu yaondolewe katika katiba yao. Taifa lililoweza kujikosoa hivyo halihitaji kusifiwa kwa uongo. Na mwanafunzi wa Kiafrika aizuruye nyumba ya Vann, kama wazuruvyo baadhi ya wenzetu wanaosoma Marekani, asikubali kuondoka kabla ya kuuliza watumwa walilala wapi.

Tena wapo watakaosema: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Faida gani kufukua makaburi?" Methali hii ni nzuri ikitumiwa mahali pake, lakini mganga gani agangaye asipoijua ndwele? Na zaidi ya hayo, ni nani aliyewaambia kwamba mambo haya yamepita? Sheria za Georgia dhidi ya Wacherokee zilibaki vitabuni mpaka mwaka 1962, ndipo bunge la jimbo hilo lilipozifuta. Mwaka 1979 serikali ya Marekani ilifunga milango ya bwawa la Tellico katika Tennessee, na maji yakaifunika Tanasi, mji wa kale wa Wacherokee ambao jimbo lenyewe limechukua jina lake, pamoja na sehemu kubwa ya Chota, uliokuwa mji wao mkuu katika karne ya 18. Wacherokee walikwenda mahakamani kulizuia, wakashindwa. Mwaka 1979, wasomaji, si zama za kale. Wapo wazazi wenu waliokuwa wamekwisha kuzaliwa.

Na tazameni pia ni kitu gani hukumbukwa na ni kitu gani huachwa. Nyumba ya Andrew Jackson, karibu na Nashville, ilianza kutunzwa na chama maalum tangu mwaka 1889. Uso wake uko katika noti ya dola 20 tangu mwaka 1928. New Echota, mji wa watu aliotaka waondoke, ulifunguliwa kuwa mahali pa ukumbusho mwaka 1962, baada ya kulimwa vizazi kadhaa. Kituwah, katika North Carolina, ambao Wacherokee huuita mji wao mama, ulikuwa shamba mikononi mwa watu wengine mpaka mwaka 1996, Wacherokee wa mashariki walipoununua. Waliinunua kwa fedha ardhi ambayo babu zao hawakuwahi kutaka kuiuza! Basi mtu asituambie kwamba mahali pa kumbukumbu hujitunza penyewe, au kwamba wakati ndio unaochagua. Watu ndio wanaochagua. Mgeni afikapo mahali hapo, akaandika jina lake katika kitabu cha wageni na kuuliza maswali magumu, naye ameingia katika kuchagua huko. Asiyefika kabisa, au afikaye akapiga picha akaondoka, amewaachia wengine uchaguzi.

Wengine husema kwamba vitabu vyatosha. Mimi navipenda vitabu, na haya niliyoyaandika yamo vitabuni. Lakini kusikia si kama kuona. Kitabu kitakuambia kwamba Red Clay ni jirani na mpaka wa Georgia. Ukisimama pale ndipo utaelewa kwamba baraza la taifa lilisukumwa mpaka ukingoni kabisa mwa nchi yake, likakutana hapo kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Kitabu kitakuambia kwamba nyumba ya Vann ni ya matofali. Ukiigusa ndipo utakumbuka kwamba tofali halifinyangwi na bwana. Mahali huyafanya mambo yawe na uzito, wala hapakubali kufungwa na kurudishwa rafuni.

Hatimaye, ziara isiishie penye makaburi. Hili ndilo kosa kubwa la wenye kwenda kulia: hurudi wakisema "walikuwa", kana kwamba Wacherokee walikwisha. Aliyefika mpaka Tahlequah, katika Oklahoma, hawezi kusema hivyo. Wahamiaji wa mwisho waliwasili mwezi wa Machi 1839, wakiwa wamepungua, wamechoka na wamegawanyika kwa chuki. Mwaka huohuo wakaandika katiba mpya. Mwaka 1844 wakajenga jumba la mahakama yao, lililo zima mpaka leo, na wakaanzisha gazeti jipya, Cherokee Advocate. Mwaka 1851 wakafungua shule mbili kubwa, moja ya wavulana na moja ya wasichana. Ile ya wasichana iliteketea kwa moto mwaka 1887, wakaijenga upya, na jengo lake la pili ni sehemu ya chuo kikuu mjini hapo. Leo kuna mataifa matatu ya Kicherokee yatambuliwayo na serikali ya Marekani, mawili huko Oklahoma na moja katika North Carolina. Taifa kubwa zaidi kati ya hayo lina raia zaidi ya 400,000, mahakama zake, hospitali zake na shule zinazofundisha kwa zile alama za Sequoyah. Watu hawa hawaombi kuliliwa. Waombacho ni kusikilizwa.

Nami sikatai machozi kabisa. Mtu asimamaye juu ya kaburi la Whitepath macho yakabaki makavu, moyo wake una walakini. Ninachokataa ni machozi yachukuayo mahali pa akili. Machozi hukauka kabla ya mgeni kufika nyumbani, lakini swali lililoulizwa vizuri humfuata mpaka nchini kwake, likamkalisha macho usiku. Na swali lenyewe ni hili: ikiwa watu wenye katiba, gazeti, mahakama na hukumu ya ushindi mkononi waliweza kunyang'anywa kila kitu kwa kura, kwa tikiti na kwa sahihi za wachache, ni nini kilindacho haki ya mnyonge popote duniani, isipokuwa watu wasiokubali kunyamaza wakati kura inapohesabiwa?

Basi enyi wanafunzi, siku moja mkijaliwa kufika New Echota, au mahali pengine popote penye habari ya watu waliofukuzwa, msiulize kwanza walikufa wangapi. Ulizeni kwanza waliishije. Kisha ulizeni ni nani aliyetia sahihi. Kisha ulizeni ni nani aliyekuwapo lakini hakutajwa katika kibao. Kisha ulizeni wako wapi leo. Mkipata majibu ya maswali hayo manne, hapo lieni mkipenda, maana mtakuwa mnajua mnalilia nini, na mkifuta machozi mtajua la kufanya.